Baiskeli ya Umeme na Kengele ya Marehemu

Nyie vijana mtakaoyasoma haya, mwenye simu mkononi aiweke chini kwanza. Hii si hadithi ya kulalia. Ni jambo nililolifanya mwenyewe, na akili zangu timamu, nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na hakuna aliyenilazimisha. Shule yangu ni madarasa manne, basi msitafute humu maneno ya kunoga. Tafuteni kosa. Limo, na ni langu.

Mie nilizaliwa visiwani, kwenye mikoko, ambako ukitaka kwenda kwa shangazi yako unapanda mtumbwi. Baiskeli nilianza kuzijua nilipoolewa huku juu, Ruaruke. Mume wangu alikuwa nayo moja nyeusi, ya chuma kitupu. Ndiyo iliyobeba nazi zake mpaka Bungu barabarani, na ndiyo iliyonibeba mie na uchungu wa mtoto wa kwanza, nimekalia gunia nyuma huku nikimng'ang'ania kiunoni na kumtukana njia nzima. Kwa hiyo msimwone bibi kizee mkadhani hajui baiskeli. Naijua kwa makalio yangu.

Baadaye mume akaoa mke wa pili. Mie nyumba yangu iko chini, karibu na bonde la mpunga. Mke mwenzangu alijengewa juu ya kilima. Njia inayotoka barabarani ikifika chini ya kilima inagawanyika: kushoto kwangu, mbele kupanda kwake. Mume akifika pale njia panda anapiga kengele. Kengele ikisogea huku, zamu ni yangu. Ikipanda, naisikia inavyokwenda, kidogo kidogo, maana juu hapandi mtu na baiskeli, anashuka anakokota. Alikuwa anakokota na anaipiga, anakokota na anaipiga, ili mwenzangu aweke maji ya kuoga. Miaka mingi nimeisikia ikipanda.

Mume alipofariki tukagawana vitu. Baiskeli ilikwenda kwa mke mwenzangu. Nikasema sina neno. Fremu ikaozea huko juu, akabaki na kengele, kaitundika kwenye msumari barazani pake. Nilikuwa nikienda kumjulia hali nakaa mahali ambapo siioni.

Sasa mwaka huu, kiangazi kilipoanza, mjukuu wangu wa kike alikuja kutoka Dar na gari la pikapu, nyuma amefunga baiskeli kama mtu aliyebeba maiti ya heshima, na mablanketi pande zote. Baba yake ni mwanangu ninayekaa naye ua mmoja. Binti huyu anafanya kazi na watu wanaotembeza wageni porini kwa baiskeli. Wamepewa hii ya umeme waijaribu kabla hawajanunua nyingi, na yeye ndiye aliyeaminiwa. Apite nayo njia za kila aina, mchanga, tope, mizizi, mlima na mteremko, aangalie betri inafika wapi, kisha aandike ripoti.

"Bibi, njia zote za huku unazijua wewe," akaniambia. "Mimi nitapanda, wewe utanielekeza na kunikosoa."

Kukosoa ni kazi ninayoipenda. Nikaizunguka ile baiskeli.

"Keria iko wapi?"

"Haina, bibi."

"Madigadi?"

"Haina."

"Stendi?"

"Haina. Hii ni ya milimani, wanaondoa vitu ili kupunguza uzito."

Nikaishika nyuma nikainyanyua. "Uzito wameupunguza wapi? Hii nzito kama beberu. Na kengele?"

"Haina."

"Kwa hiyo mmepewa magurudumu mawili na aibu."

Akacheka akaandika kwenye daftari. Bei yake alinitajia, nikamwambia asiirudie majirani wakasikia.

Tuliifanyia kazi sawasawa. Siku ya kwanza nilimpeleka kwenye mchanga wa mikoroshoni, mahali ambapo marehemu alikuwa anazama mpaka kwenye spoku na kuanza kuwalaani waliomuuzia baiskeli. Binti akapunguza upepo kwenye matairi, akabonyeza kitu kwenye usukani, akapita. Siku ya pili bondeni, kwenye ule udongo mweusi ambao haujakauka vizuri. Akarudi mgongo mzima tope, kama aliyekuwa anafinyanga vyungu kwa mgongo. Majani yalikuwa yamejisokota kwenye cheni.

"Andika," nikamwambia, "mpandaji abebe kijiti cha kukwangulia tope. Babu yako alikuwa anakichomeka kwenye soksi."

"Bibi, wageni hawatakubali kijiti."

"Basi watatumia vidole. Andika."

Akasema ina springi mbele na nyuma, mtu akipita kwenye mizizi hasikii kitu. Mie siamini maneno. Nikafunga mayai manne kwenye kanga, nikamvisha mgongoni, nikamwambia apite mizizi yote mpaka kisimani na kurudi. Mayai matatu yalirudi mazima, moja lina ufa. Nikamwambia aandike hivyohivyo: yai moja. Breki nazo nilizikubali. Marehemu kwenye mteremko alikuwa anafunga breki kwa kukanyaga tairi na ndala, na kila msimu alikuwa ananunua ndala. Huyu anashika kwa vidole viwili, baiskeli inasimama kama imeitwa jina.

Kisha kilima. Nilikaa chini, pale njia panda, na kigoda changu. Akaja, hakushuka. Akapanda. Nilisikia kitu kama nyuki ndani ya mtungi, basi, na huyo akapotea juu. Umri wangu wote sijaona baiskeli ikipanda kile kilima na mtu juu yake. Akarudi ananiuliza, "Umeonaje, bibi?"

"Andika alama zote."

Hapo ndipo macho yangu yalipojaa machozi ya furaha na kichwa hakina kitu. Kwa sababu kuna jambo nililijua tangu nilipokuja huku mwari, wala si mie tu, kila mwanamke wa huku analijua. Ukiwa unashuka kile kilima, unageuka, unasikiliza, baiskeli zinashuka kwa kasi. Ukiwa unapanda na mzigo kichwani hugeuki. Ugeuke nini? Nyuma yako hakuna kinachokuzidi mwendo. Baiskeli inakokotwa, utasikia ndala za mwenyewe, utasikia anavyohema, na pikipiki utaisikia tangu bondeni. Ndiyo tulivyozoea. Na mie mkaguzi, niliyepima tope na mayai, sikupima hilo.

Aliyelipima ni mke mwenzangu. Binti alipopanda mara ya pili, akafika juu kwake, alimkuta barazani anashona mkeka. Akamwambia, "Wewe unakuja kama mwizi. Nimeinua kichwa umeshafika. Utakuja kuua watu. Ngoja." Akatungua kengele kwenye msumari akampa. Haya nilikuja kuambiwa baadaye.

Mie nilikuwa nyumbani napepeta mchele. Nikaisikia.

Siwezi kuwaeleza vizuri. Mikono ilisimama. Ile kengele ina mlio wake, wa kwanza mkali na wa pili umepasuka kidogo, kwa sababu marehemu aliiangusha siku moja pale kwenye gogo la kuvukia. Ilikuwa inatoka kule juu inashuka kuja kwangu, na moyo wangu, mtu mzima mie, uliruka kama wa msichana. Kisha ukakumbuka inakotoka. Inatoka kwake. Hata leo, hata na mwenyewe yuko kaburini, lazima inianzie kwake.

Binti akaingia uani anacheka. Kengele ameifunga kwenye usukani kwa kipande cha mpira, vizuri kabisa.

"Umeitoa wapi?"

"Bibi mdogo kanipa. Ya babu hii! Anasema watu hawanisikii."

"Ifungue."

"Mbona, bibi?"

"Inakwaruza rangi. Vitu vya watu hivyo. Halafu unapiga kelele kama muuza aiskrimu, mabosi wako wakikuona watakucheka. Irudishe leo hii."

Akatazama pale alipoifunga. Haikuwa inakwaruza. Mpira ulikuwa katikati, nami niliuona. Akanitazama mimi. Akasema, "Sawa, bibi," akaifungua, akapanda kilima kuirudisha.

Kesho yake asubuhi mke mwenzangu alikuwa ametoka bondeni kukata milala ya mikeka. Anapanda, mzigo kichwani, mkono mmoja umeushika. Binti akaja nyuma yake na baiskeli, kimya. Anasema alipiga kelele "Bibi, njia!" lakini ile milala imefunika masikio, na mwenzangu akasogea upande uleule binti aliokuwa anapitia. Usukani ukakamata mzigo. Mwenzangu akaanguka, akautanguliza mkono wa kulia.

Mfupa ulivunjika juu kidogo ya kiganja. Kituo cha afya walimfunga plasta ngumu. Ule mkono ndio anaolia chakula, ndio unaosuka. Alikuwa na mkeka wa harusi ya mjukuu wake, ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, umeshasukwa karibu wote, zimebaki pima chache. Watu wa huku wanajua mikeka yake bila kuuliza ya nani.

Nyumbani kwangu kukawa na kelele. Mwanangu alimkalisha binti yake uani.

"Unamgonga bibi yako kama unagonga kuku? Kengele hukuwa nayo?"

Binti akainama. Mie nilikuwa jikoni, mlango wazi, namwona. Nilingoja aseme. Aseme, "Nilikuwa nayo, bibi kaniambia niitoe." Angesema ningekubali, nadhani. Hakusema. Alisema, "Sikuwa nayo, baba."

Nami nikakoroga uji uliokuwa umeshaiva.

Siku tatu nilikaa hivyo. Nilipeleka mchele juu, nikapeleka kuni, kwa mikono ya watu wengine. Mwenyewe sikupanda, nikasema magoti. Wanawake wenzangu waliniuliza hali ya mwenzangu nikawajibu, "Mipango ya Mungu." Nimesali miaka yote hii, na siku hizo niliutumia mdomo huohuo kumsingizia Mungu kazi ya mkono wangu. Na kulikuwa na kitu kingine, nitakisema pia, maana niliwaambia mtafute kosa. Nilikuwa naogopa watu. Mke mkubwa amesababisha mke mdogo akavunjika mkono. Nani atasema ni bahati mbaya? Na mie mwenyewe, nikijiuliza moyoni, sikuwa na uhakika kwamba watasema uongo.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, binti alinijia na daftari. Kesho yake pikapu ilikuwa inakuja. Akakaa kwenye mkeka miguuni pangu.

"Bibi, nikusomee nilivyomalizia?"

"Soma."

Akasoma mambo ya betri, ya mchanga, ya tope. Kijiti alikiandika. Yai aliliandika. Kisha akasoma: "Baiskeli haina kasoro kwenye mlima. Ajali iliyotokea ni uzembe wa mpandaji." Akafunga daftari. "Wataniondoa kwenye kazi hii, lakini ndiyo haki. Nimeandika sawa?"

Nikasema, "Sawa."

Neno hilo moja. Kuhusu kengele mtaniambia nilikuwa na wivu, na wivu ni ugonjwa. Hili la pili ni nini? Mtoto ameubeba mzigo wangu, ananiuliza kama ameubeba vizuri, nami namwambia sawa.

Nikaenda kuchukua udhu nisali Alasiri. Nikafika kwenye kunawa mikono, nikaosha wa kulia mara tatu, nikaendelea kuuosha. Nikaliacha kopo palepale nikachukua mtandio. Nikapanda kilima.

Nilipofika katikati nilijikuta sijageuka nyuma hata mara moja. Na mie ndiye ninayejua.

Mke mwenzangu alikuwa barazani, mkono umefungwa shingoni na kitambaa, ule mkeka umekunjwa pembeni. Kengele iko kwenye msumari wake.

"Bi mkubwa," akasema. "Magoti yamepona?"

"Hayakuwa yanauma."

"Nilijua. Karibu kitako."

Sikukaa. Nilisema nimesimama, kama mtoto wa shule. Nikamwambia: kengele niliiondoa mie. Haikuwa inakwaruza kitu. Niliisikia inatoka kwako, roho ikaniuma, nikamwambia mtoto aitoe. Mtoto hana kosa.

Alifukuza nzi kwenye plasta.

"Ilipoletwa ile jioni," akasema, "niliuliza kwa nini. Akaniambia bibi kasema inakwaruza. Nikajua. Nimekaa nahesabu siku mpaka uje. Nilidhani utachukua wiki nzima."

"Kwa nini hukusema kwa watu?"

"Niseme nini? Wake wenza, watu wangecheka wakaondoka, nami mkono uko palepale." Akanitazama. "Ulidhani wewe peke yako uliyekuwa unaisikiliza? Mie nilikuwa nasimama hapa juu. Naisikia pale njia panda. Nangoja kama itapanda. Ikikata kushoto naisikia inavyokwenda kwako, mpaka inanyamaza. Halafu namwaga yale maji."

Sikuwa nimewahi kufikiri hilo. Miaka yote. Nilidhani juu kule kengele inafika tu, haiondoki.

"Nisamehe, bi mdogo," nikasema.

"Leo hapana," akasema. "Leo bado unauma. Ukipona nitaangalia." Akausogeza ule mkeka kwa mguu. "Wewe kaa hapo umalizie pima zilizobaki."

"Mie mtu wa mikokoni, unajua ukili wangu unapinda."

"Najua. Marehemu alikuwa anaficha mkeka wako wageni wakija."

"Mwongo wewe!"

"Wallahi. Aliuweka chini ya kitanda. Haya, chukua chane nne za milala. Si hivyo. Subhanallah, unasuka au unafunga ng'ombe?"

Nikasuka, akaniambia nifumue. Nikasuka tena, akaniambia nifumue. Nilikaa pale mpaka jua likateremka mikoroshoni, na nilichokisuka ni urefu wa kiganja. Akakipima kwa mkono wa kushoto akasema mwenye kulalia mkeka huo ataijua sehemu yangu kwa ubavu. Mkono ule, niwaambie kabisa, mpaka ninapoandika haya haujarudi kama ulivyokuwa. Vidole viwili havikunji vizuri. Anasuka, lakini anasimama kila mara kuvinyoosha, na kila akivinyoosha mbele yangu hasemi kitu.

Kabla sijainuka kuondoka akatungua kengele akanitupia mapajani. "Peleka. Si yako wala si yangu, ni ya njia."

Nilishuka nayo mkononi, nimeizuia kwa kidole isilie.

Nyumbani nikamwita binti na baba yake, na mke wa mwanangu, na wote waliokuwa uani. Nikawaambia nilichofanya. Binti akaanza kulia, nikamwambia alie baadaye, alete daftari kwanza.

"Futa pale ulipoandika uzembe wa mpandaji. Andika kengele ilikuwepo, bibi yake akaitoa kwa wivu."

"Bibi, hakuna sehemu ya kuandika wivu."

"Iandike pembeni. Halafu andika hivi. Baiskeli hii kwenye mlima inapanda vizuri, na hiyo ndiyo kasoro yake. Inapanda mahali ambapo watu hawajazoea kugeuka. Mtu asipande nayo kwenye njia ya watu bila kengele, na asipande kabla hajapita kwa miguu akawaambia wanaopita na mizigo kwamba siku hizi kuna kitu kinachokuja kwa nyuma. Kama waajiri wako hawawezi hivyo, wasinunue hata moja."

Akaandika. Akanisomea. Safari hii nilisikiliza neno kwa neno, ndipo nikasema sawa.

Kisha nikatoa amri, na amri hiyo inaendelea mpaka leo, nanyi mtakaokuja kukaa ua huu itawahusu. Nikasema: kengele hii ifungwe kwenye baiskeli yoyote itakayopanda kile kilima, ya umeme au ya miguu, ya kwetu au ya mgeni, na ipigwe tangu njia panda mpaka juu, hata kama mnaona njia tupu. Na jambo la pili. Mie ni mke mkubwa, na tangu nimeolewa shikamoo ya kwanza asubuhi nyumba hii ni yangu. Kuanzia kesho si yangu. Mkiamka, kabla hamjaja kwenye mlango wangu, pandeni juu mkamwamkie bi mdogo, mumchotee maji, mumchanie milala yake ya siku hiyo. Mkimaliza ndipo mshuke kwangu, nami nitawaitikia.